Mtani Akisema Sitanii

Nilijua. Hilo ndilo nililolikana kwa muda mrefu, mbele ya dada yangu, mbele ya wafanyakazi wenzangu, na mbele ya mwanangu mwenyewe, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kuambiwa. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara nimejiweka katika nafasi ya mwanamke aliyekuwa wa mwisho kujua, kwa sababu ni nafasi nzuri: watu wanakucheka kwa huruma na kukuongezea chai. Ukweli ni kwamba nilijua siku ileile, nikiwa nimesimama na kiatu kimoja kwenye uwanja wa msiba kule Kinole, huku watu wakicheka na mimi nikicheka kuwazidi.

Ili nieleweke, lazima kwanza niseme kazi yangu. Ninafundisha watu kujijua. Maofisa wa halmashauri, wakuu wa shule na viongozi wa vyama vya akiba wanakusanywa kwenye ukumbi wa hoteli hapa Morogoro mjini, wanapewa kalamu, maji ya chupa na sambusa, halafu ninaingia mimi kuwaambia wao ni watu wa aina gani. Aina zenyewe ni nne: Moto, Maji, Upepo na Udongo. Nilizisoma chuo kikuu zikiwa na majina magumu ya kigeni. Nikazivua yale, nikazivika ya kwetu, na tangu hapo watu wanadhani nimezigundua mimi. Sijawahi kuwasahihisha.

Moto huongoza. Maji hupatanisha. Upepo huanzisha mambo na kuyaacha njiani. Udongo hutunza, huvumilia, hufikiri polepole. Mimi mwenyewe ni Moto, kwa kipimo nilichokitunga mwenyewe. Baba wa mwanangu alikuwa Upepo, na tuliachana kwa ustaarabu kabla mtoto hajaanza shule. Mwanangu nilimpima akiwa bado msichana mdogo, mezani, kati ya wali na matunda, akatoka Udongo. Wala haikuhitaji kipimo. Mtoto yule ukimuuliza jambo, anashika ncha ya sikio la kushoto na kuivuta taratibu, kama anayekamua, na wewe unasubiri. Jibu linakuja, na ni sahihi, ila kufikia hapo wali umeshapoa.

Akili alikuwa nazo. Kila shule aliyopita alikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu kwenye vikao vya wazazi walimu walikuwa wanamaliza kumsifu, halafu wanashusha sauti: "Lakini mama, haongei." Mimi nilikuwa nawajibu kwa upole wa mtaalamu kwamba hiyo si kasoro, ni aina.

Alipochaguliwa kusoma udaktari kwenye chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, mwendo wa siku nzima kwa basi, nilimwingiza kwenye semina zangu. Si yeye, habari zake. Kila nilipofika kwa Udongo, na wale maofisa waliojikuta Udongo wakaanza kunywea kwenye viti, nilisema: "Msikate tamaa. Mwanangu ni Udongo, na yuko mwaka wa pili wa udaktari." Ukumbi ulikuwa unatulia kabisa. Ilikuwa sehemu bora ya siku nzima, hata kuliko sambusa. Sikuwasomea sentensi iliyokuwa kwenye kabrasha mikononi mwao, chini ya kichwa hichohicho cha Udongo, niliyoiandika asubuhi moja nikiwa na haraka ya kwenda kudurufu: Asipewe kazi ya kujibu papo kwa papo.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mjomba wetu mkubwa alifariki Kinole, kijijini kwetu mlimani. Kwa Waluguru mjomba si ndugu wa pembeni. Ukoo unapita kwa mama, shamba linafuata hukohuko, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye sauti nyumbani. Nilimpigia mwanangu kumpa taarifa. Chuo kilikuwa kimefunga, lakini alisema yuko kwenye mazoezi ya hospitali na ruhusa haipatikani. Alilia kwenye simu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, abaki asome, marehemu angependa hivyo. Nilipanda mlimani peke yangu.

Siku ya kuondoa tanga, watani walikuja. Ukoo wetu una utani na ukoo mwingine wa mlimani hukohuko, utani wa mababu. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi na kukuzika, na kwa sababu hiyo ana ruhusa ya kusema lolote juu yenu na kuchukua chochote mlichokiacha wazi. Huruhusiwi kukasirika. Unaweza kujibu, na ukijibu vizuri yeye ndiye anayelipa. Ukinyamaza, au ukinuna, unatozwa faini.

Kinara wa watani wetu ni mwanamke aliyepita miaka sitini, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Anashusha ndizi sokoni mjini, na anajulikana kwa kupanga mbivu juu na mbovu chini. Siku ile alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake. Alitembea kama marehemu, goti la kulia likigoma. Akasonya kama marehemu. Akadai kahawa kama marehemu na kulalamika kwamba imepoa. Tulicheka mpaka machozi yakachanganyikana na yale mengine. Sheikh alikohoa akageuza uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Halafu akanigeukia mimi.

"Na huyu? Huyu ndiye anayelipwa kuwaambia watu wazima walivyo. Haya niambie, mwali wa chuo, mimi ni nani?"

"Wewe ni Upepo," nikasema. "Makelele mengi, na unapita na vitu vya watu."

Watu wakacheka, na mimi nikajiona nimecheza vizuri. Yeye akainama kwa kasi nisiyoitegemea kwa umri ule, akanichomoa kiatu cha mguu wa kulia, akakiinua juu watu wote wakione.

"Hiki nakichukua. Nampelekea daktari wenu huko juu kwenye iliki. Anatembea pekupeku, masikini."

Kicheko kililipuka, kisha kikakatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Dada yangu, mwenye nyumba ile, mama mkubwa wa mwanangu, aliona ghafla kwamba sufuria linahitaji kukorogwa. Wake za binamu zangu walianza kukung'uta kanga zisizo na vumbi. Mtani hakukoma. Alivua kofia ya marehemu, akasimama wima, akanyamaza kimya, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko kuchimba kaburi. Kisha akashika ncha ya sikio lake la kushoto, akaanza kuivuta. Taratibu.

Mtani haigizi asichokiona. Sanaa yao yote iko hapo. Na mwanangu hakuwa amefika Kinole tangu enzi za kubebwa mgongoni, kabla hajajua kwamba ana masikio.

Nikacheka. Nilicheka kuliko wote, nikapiga makofi, nikakikomboa kiatu changu kwa kanga mpya iliyokuwa kwenye mkoba. Nikashuka mjini nikijua kwamba mwanangu hakuwa hospitali wala chuoni, kwamba alikuwa ametumwa shamba la juu ili nisimwone, na kwamba wakati sisi tunamlilia mjomba uwanjani yeye alikuwa anatusikia kutoka juu. Nilijua kila kitu isipokuwa kwa nini.

Kesho yake asubuhi nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Bweni."

Nyuma yake maji yalikuwa yanaunguruma. Ninaujua mto ule. Nimefulia ndani yake, nimeteleza ndani yake, na hata leo nikiusikia naweza kukuambia ni upande gani wa daraja.

"Hiyo ni sauti gani?"

Kimya. Nilikuwa naliona lile sikio kana kwamba niko naye.

"Mvua, mama."

"Mvua mwezi wa nane?"

"Huku kwetu... huku ziwani inanyesha tu siku hizi."

Hapo palikuwa na nafasi pana ya kusema neno. Nilimsikia akiwa ameishikilia pumzi. Na mimi, Moto, mwenye kuongoza, nikasema: "Haya. Jifunike."

Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nampigia, yeye yuko bweni, mto unaunguruma, na sisi tunauita mvua. Nilikuwa namuuliza wanasoma nini, naye ananieleza habari za figo, jinsi zinavyochuja, kwa mpangilio mzuri kabisa. Baada ya simu nilikuwa naingia mtandaoni kuhakiki, kama askari wa usalama, na kila kitu kilikuwa sawa. Kwa hiyo alikuwa anasoma, hata kule juu. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuwa ameacha vitabu. Mtu anayekimbia shule hasomi figo kwenye shamba la iliki.

Sikuuliza kwa sababu moja ndogo na ya aibu. Kwa muda wote ambao sikuuliza, nilikuwa bado mama wa daktari. Wiki zilezile nilisimama ukumbini mara mbili na kusema, "Msikate tamaa."

Mtani ndiye aliyenibana, na alinibana sokoni, mbele ya wauza ndizi wenzake.

"Mama daktari! Unapita kama hunioni. Miguu inaendeleaje?"

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwizi wangu. Njoo nikuulize wewe uliyesoma. Chuo gani hicho mmempeleka mtoto? Wamempa supu, kaikataa, sasa wanasema asipoinywa kabla ya mwezi huu kwisha wanampeleka disko."

Wanawake wa ndizi walianguka kwa kicheko. Mmoja aliuliza ni supu ya nini, na mtani akasema hajui, labda kongoro, mtoto mwenyewe kakulia mjini, kongoro haijui. "Mimi nimemwambia, mjukuu wangu, kunywa, uepuke disko, huko kuna wahuni."

Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimeelewa. Wanafunzi wa vyuo wanauita mtihani wa marudio sapu. Anapewa aliyefeli somo. Na kudisko, kwa lugha yao, ni kuondolewa masomoni moja kwa moja. Mwanangu alikuwa amefeli, alikuwa na nafasi moja ya kurudia, hakuwa na mpango wa kwenda, na mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni.

"Nani kakuambia hayo?" nikauliza.

"Mwenyewe. Tunapiga soga kila siku. Mtoto ana mdomo yule."

"Mdomo? Mwanangu?"

"Sitanii," akasema, na akanitazama bila kucheka.

Sasa, yeyote mwenye mtani anajua neno hilo lina thamani gani likitoka kinywani mwake. Mtani husema sitanii kabla ya kukuambia nyumba yako inaungua ilhali haiungui. Husema sitanii akiwa ameshikilia kuku wako. Kwa hiyo alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na mimi nilitokea. Nilijiambia utani ni utani. Nikanunua chane ya ndizi kuonyesha kwamba nimeuelewa mchezo, nikaenda nayo nyumbani, na niliponyanyua zile za juu nikakuta za chini zimeoza.

Wiki hiyo nilikuwa na semina ya wakuu wa shule. Nilipita Moto, nikapita Maji, nikamcheka Upepo kama kawaida. Nikafika kwa Udongo. "Msikate tamaa," nikasema. "Mwanangu ni Udongo, na yuko..."

Sauti haikutoka. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, nimelisema mara nyingi, na halikutoka.

"Yuko mwaka wa ngapi, mama?" akauliza mwalimu mmoja wa mstari wa mbele, kwa wema kabisa, akidhani nimesahau.

Wote walikuwa wananitazama. Niligundua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa umepanda usawa wa shingo, ukitafuta pa kushika. Nikawapa mapumziko ya chai, na chai yenyewe ilikuwa bado haijachemka.

Kesho yake niliendesha gari hadi Mkuyuni. Kule mbele mvua ya kweli ilikuwa imeharibu njia, kwa hiyo nililiacha gari hapo nikapanda bodaboda, nikifumba macho kwenye kona zote na kufumbua pale tu nilipoanza kunusa karafuu.

Alikuwa uani kwa mama yake mkubwa, amechuchumaa, anatandaza pilipili manga kwenye mkeka. Visigino vilikuwa vimepasuka. Alisimama aliponiona, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuna aliyeendelea. Dada yangu ndiye aliyeona hatuwezi kubaki vile mpaka Magharibi.

"Mimi nilimwambia akuambie," akasema. "Akasema atakuambia ukimuuliza. Nikamwambia, mama yako atauliza vipi asichokijua? Akasema, anajua. Aliniuliza habari za mvua."

"Sikujua," nikasema.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyolikana kwa mdomo. Mwanangu alinitazama, kisha akachuchumaa tena, akaendelea na pilipili zake, na akatusimulia akiwa ameinama.

Kwenye mtihani wa kuandika alikuwa wa tatu darasani. Kisha ukaja wa mdomo. Unaingizwa chumbani, kuna mgonjwa amelala kitandani, kuna walimu wamekaa, unaulizwa na unajibu. Aliulizwa. Jibu alikuwa nalo. Akashika sikio. Mwalimu mmoja akatazama saa yake, akasema: "Binti, mgonjwa atakufa wewe unavuta sikio." Wenzake wakacheka. Swali la pili likaja, na la tatu, na kufikia hapo hakuweza hata kutaja jina lake.

"Nilikuwa nayajua yote, mama. Yote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nini?" Hakupandisha sauti. "Umeandika mwenyewe. Asipewe kazi ya kujibu papo kwa papo. Nilikuwa naliona lile kabrasha mezani kila siku nikiwa kidato cha nne. Nikasema basi, mama anajua watu. Udaktari ni kujibu papo kwa papo. Iliki haina haraka, na shamba hili ni la ukoo, ni langu kama lilivyo lenu."

"Niliandika kwa ajili ya maofisa wa halmashauri."

"Hukuandika maofisa wa halmashauri. Uliandika mtu wa Udongo."

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa pilipili manga, akajuta.

"Mama," akasema, na sasa aliinua uso. "Kwani ni kweli? Mimi ni Udongo?"

Nilikuwa na jibu la swali hilo kwa kila mtu mkoa mzima. Nimewajibu watu ambao sikuwajua majina, kabla ya chai, kwa kuangalia tu walivyoshika kalamu. Nikafungua mdomo, na nikajikuta sijui. Sikuwa najifanya mnyenyekevu. Sikujua, kama mtu asivyojua njia ya mtaa mgeni, na kilichonitisha ni kwamba alikuwa anasubiri, na atakachosikia ndicho atakachokifuata. Ningesema ndiyo, angebaki. Ningesema hapana, asingeniamini, kwa sababu nilishaandika.

"Hodi wenyewe!" Mtani alikuwa ameshaingia, kikapu kichwani. "Nimesikia harufu ya mtu wa mjini, nimekuja kuchukua kiatu cha pili." Kisha akamgeukia mwanangu. "Daktari wa iliki, mama kakuletea supu?"

Mwanangu hakuinua hata kichwa.

"Kaleta, ila ina mifupa. Utaiweza na meno hayo?"

"Meno haya yameuma wengi wa ukoo wenu."

"Ndiyo maana yameoza."

Dada yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mtani alifungua mdomo, akatafuta la kujibu, hakulipata. Akateremsha kikapu, akatoa chane ya ndizi, nzima, mbivu juu na chini, akaitupa kwenye kona ya mkeka.

"Huyu atanifilisi," akaniambia mimi, kwa hasira ya kweli. "Kaja hapa bubu. Nimemtoza faini kila siku mpaka kanga za mama yake mkubwa zikaisha. Sasa ananitoza mimi. Mwondoe mlimani kwangu."

Mimi nilikuwa natazama mikono. Mikono ya mwanangu ilikuwa kwenye pilipili manga muda wote. Haikuwa imepanda sikioni hata kidogo.

Kila nilichotaka kusema kilikuwa kinakuja na herufi kubwa mwanzoni, kama kichwa cha habari cha kabrasha. Niliketi nikala ndizi za mtani, mpaka nikaona jua limevuka mgongo wa mlima na bodaboda wangu ameanza kupiga honi kule barabarani. Mwanangu alinisindikiza hadi kwenye migomba.

"Mtihani ni lini?" nikamuuliza. Ilikuwa imenichukua wiki nyingi kufika kwenye swali fupi namna ile.

"Alhamisi ijayo."

"Utaenda?"

Mkono ukapanda. Akashika ncha ya sikio, akaivuta. Kwa mtani haukupanda, kwangu mimi ulipanda. Nilisubiri. Bodaboda alipiga honi tena.

"Nitafikiri, mama."

Nilishuka nalo hilo.

Siku zilizofuata simu yake ilikuwa haipatikani, na ya dada yangu vilevile. Mlimani umeme ulikuwa umekatika, na sola ya jirani ilikuwa inachaji simu za kijiji kizima kwa zamu. Kila asubuhi nilitazama mlima kutoka dirishani na kila asubuhi ulikuwa umejifunika. Mara moja nilikwenda stendi ya Msamvu bila safari yoyote, nikasimama karibu na mabasi ya ziwani nikijifanya nasubiri mzigo. Mpiga debe aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui, akanitazama kwa heshima mpya na kuondoka. Sokoni nilimtafuta mtani. Meza yake ilikuwa na ndizi bila mwenyewe. Jirani yake alisema amepanda kwao, hakuaga.

Alhamisi nilikuwa na semina, ya viongozi wa vyama vya akiba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua kalamu nyeusi na kufuta ile sentensi kwenye kila kabrasha, moja moja. Aina nne nilizibakiza. Ndizo zinazonilisha, na sikuwa na nyingine. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua lake juu ya mwanga, akajaribu kusoma chini ya wino.

"Hapa kwa Udongo mmefuta nini, mama?"

"Makosa ya uchapaji," nikasema.

Nina sheria moja ukumbini: simu zizimwe, na ya mtu ikilia, anasimama anaimba. Wamewahi kuimba wakurugenzi. Yangu siku hiyo nilikuwa nimeilaza kifudifudi kwenye meza ya mbele, haijazimwa. Nilipita Moto. Nilipita Maji. Nilikuwa katikati ya Upepo, nikiongea vitu ambavyo mdomo unavijua bila msaada wangu, wakati simu ilipoanza kutembea yenyewe juu ya meza.

Ukumbi ukafurahi. "Wimbo! Wimbo!"

Nikapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

Nilisikiliza nyuma yake. Hakukuwa na mto. Kulikuwa na viatu vya watu wengi wakipita kwenye sakafu ngumu, na mlango uliofungwa kwa kishindo.

"Koridoni," akasema. "Chuoni. Nimetoka sasa hivi."

Nikakaa kwenye ukingo wa meza.

"Alikuwa mwalimu yuleyule. Akauliza, nikashika sikio. Akasema tena yale ya mgonjwa kufa."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, mwalimu, mgonjwa huyu amesubiri daktari tangu asubuhi na hajafa. Nikikosea dawa ndiyo nitamuua. Nipe dakika nifikiri."

"Ulimwambia mwalimu hivyo?"

"Mgonjwa ndiye aliyecheka kwanza."

Mzee wa dirishani alikuwa ameweka kabrasha chini.

"Halafu?"

"Halafu nikajibu. Yote, mama. Na yale ya figo. Mtahini wa nje akanipa mkono, akasema matokeo rasmi yatabandikwa, lakini nikatafute vitabu vya mwaka wa tatu."

"Unanitania," nikasema.

Kimya. Nilikijua kimya kile, na nilijua mkono ulipo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na haraka nacho.

"Mama," akasema, "sisi ni ukoo mmoja. Mimi na wewe hatuna utani."